Yai lenye kifaranga, povu la uduvi na kombe nusu mbichi: mwongozo wa kula mitaani Vietnam

Aliyekulia supu ya utumbo, makongoro na miguu ya kuku ya kukaanga ameshavuka nusu ya mto kabla hajapanda ndege. Mengi yanayowatisha Wazungu mitaani Hanoi na Saigon (ndivyo wenyeji wengi wanavyoendelea kuliita Jiji la Ho Chi Minh) kwetu ni staftahi. Kinachomkaba koo mtu wa Afrika Mashariki ni vitu vingine: harufu ya uduvi waliochachushwa, yai lenye mbawa ndani, konokono, na nguruwe aliyejificha pale usipomtarajia.

Shika jambo moja kabla ya yote. Kila chakula cha mtaani Vietnam kina chachandu yake na majani yake, na mwenye kibanda ameshakuwekea mezani. Yai la bata bila tangawizi na chumvi ya ndimu ni adhabu; likiwa navyo ni chakula. Wageni wengi wanaosema wameonja wakashindwa, wameonja robo tu ya kilichokusudiwa.

Kabla ya kukaa

Kibanda cha Vietnam kwa kawaida hakina menyu ndefu. Mama anauza kitu kimoja au viwili, na sufuria ikiisha anafunga. Kwa hiyo saa unayokwenda ni sehemu ya usalama wako. Phở (supu ya tambi za mchele) na cháo (uji wa mchele) nenda asubuhi. Tambi za mchele na tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ya kukaanga, nenda kati ya saa tano na saa saba mchana. Konokono na mayai ya bata, kwa upande wa kusini, ni vya jioni mpaka usiku mkubwa. Hanoi yai hilo huliwa hata asubuhi. Ukifika saa tisa alasiri ukakuta nyama imepoa chini ya kitambaa, ujue imekaa hapo tangu mchana. Pita.

Simama pembeni dakika mbili uangalie. Mchuzi unatokota au umetulia? Wateja ni wa mtaa huo, wenye haraka zao, au ni watalii watupu? Vyombo vinasuuzwa wapi? Kama ni ndoo moja ya maji yaliyogeuka rangi na bado unataka kula hapo, chagua kinachokuja na ganda lake, yaani yai au konokono, kisha futa vijiti na kijiko kwa karatasi na ndimu. Hata wenyeji hufuta vijiti kabla ya kula, kwa hiyo hutamkera mtu.

Barafu za namna mbili zinachanganywa sana. Vipande vya mviringo vyenye tundu katikati hutoka kiwandani, vikiwa ndani ya mfuko. Ile inayopondwa kutoka kwenye bonge kubwa huburutwa na kukatwakatwa njiani, na hiyo ndiyo ya kuikataa. Kuhusu majani mabichi yanayojaa kila meza, fikiri hivi: yai lenye kifaranga limechemka mpaka ndani, majani yameoshwa kwa maji ya bomba tu. Wanaoogopa yai huku wakitafuna lundo la majani siku ya kwanza wamegeuza mambo juu chini. Siku mbili za mwanzo yatumbukize majani kwenye supu ya moto, kisha uongeze kidogo kidogo.

Kuita mhudumu ni rahisi kwa mtu wa Kiswahili, kwa sababu Wavietnam nao hawamwiti mtu kwa "wewe" mkavu. Humwita kwa undugu. Mdogo wako ni *em*, kaka ni *anh*, dada ni *chị*, mwanamke wa umri wa shangazi ni *cô*. Ongeza *ơi* mwishoni: *chị ơi!* ni kama "dada ee!" Kupaza sauti si utovu wa adabu, ukikaa kimya ukingoja kuonekana, utangoja sana. Maneno mengine ya lazima: *bao nhiêu?* (bei gani?), *không cay* (bila pilipili), *tính tiền* (nihesabie nilipe). Lugha yao inabadilisha maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, kwa hiyo andika maneno magumu kwenye simu uyaonyeshe, usibahatishe kwa mdomo.

Pesa: noti ya dong 20,000 na ya dong 500,000 zote ni za buluu, na chini ya taa hafifu hata wenyeji huzitazama mara mbili. Tenga kubwa mfuko mwingine. Uliza bei kabla, hasa palipoandikwa *thời giá*, maana yake bei inafuata soko la siku hiyo. Karanga, mayai ya kware na kitambaa chenye maji ambavyo vimewekwa mezani bila kuagizwa hulipiwa ukivigusa. Usipovitaka, virudishe tangu mwanzo.

Vijiti vikipumzika, vilaze juu ya bakuli. Kuvichomeka wima ndani ya wali kunafanana na udi unaowashiwa marehemu.

Nguruwe yuko wapi

Hili linawahusu Waislamu na wengine wote wasiomla. Kumwambia muuzaji akuondolee nyama hakumwondoi nguruwe. Supu nyingi huanza na mifupa yake, mafuta yanayomwagiwa juu ya kombe waliochomwa mara nyingine ni shahamu yake pamoja na vipande vya mafuta yake vilivyokaangwa vikakauka, na kitafunwa cha uduvi kinaweza kuwa na nyama yake ya kusaga ndani. Neno lenyewe hubadilika: kaskazini ni *thịt lợn*, kusini ni *thịt heo*. *Không* mbele yake ni "bila".

Njia ya uhakika zaidi ni neno *chay*, chakula cha Wabudha kisicho na nyama wala samaki. Vibanda vya *chay* hujaa tarehe mosi na kumi na tano za mwezi wa kuandama. Kwa nyama ya halali, Saigon nenda mtaa wa Đông Du, katika iliyokuwa Wilaya ya 1 mpaka 2025, ambako pana msikiti na migahawa ya halali kuuzunguka. Hanoi anzia msikiti wa mtaa wa Hàng Lược uulize. Lakini safari yenye faida kuliko zote ni ya kwenda Châu Đốc, mkoa wa An Giang, karibu na mpaka wa Kambodia. Huko, katika vijiji kama Châu Giang na Đa Phước, wanaishi Wacham Waislamu, na soseji yao, *tung lò mò*, hutengenezwa kwa nyama na mafuta ya ng'ombe pamoja na wali uliochachushwa, ikajazwa ndani ya utumbo wa ng'ombe, ikaanikwa na kuchomwa kwenye makaa. Ina uchachu kidogo. Ni chakula cha ujasiri ambacho hakimlazimishi mtu kuvunja mwiko wake.

Anza na unachokijua

Saigon, katika iliyokuwa Wilaya ya 4 mpaka 2025, tafuta *phá lấu bò*: utumbo, tumbo (ile nyama kama taulo), maini na mapafu ya ng'ombe vilivyopikwa polepole kwa tui la nazi na viungo vya Kichina. Unachovya mkate humo, na nyama unaichovya kwenye chachandu ya ukwaju na pilipili. Kwa mtu wa pwani huu si ujasiri hata kidogo, ni kama kurudi nyumbani kupitia mlango wa jirani. Miguu ya kuku ya kuchomwa (*chân gà nướng*) na ile baridi iliyolowekwa kwenye mchaichai na malimau madogo (*chân gà sả tắc*) nayo haina ugeni, isipokuwa hiyo ya baridi: nunua penye barafu au friji, usinunue kwenye ndoo iliyopigwa jua.

*Bún bò Huế* ni supu ya tambi nene yenye mchaichai, na ndani huja kipande cha damu iliyopikwa, cha rangi ya kahawia iliyoiva, laini kama maini. Ina nguruwe pia. Usiyetaka damu useme *không huyết*. Kariri hilo neno *huyết* (kaskazini *tiết*), kwa sababu litarudi huko chini kwa sura mbaya zaidi.

Mắm tôm: chachandu ya uduvi

Hiki ndicho kizuizi halisi. Uduvi na chumvi vimechachushwa mpaka vikawa uji wa zambarau iliyofifia, na harufu inakufikia kabla ya bakuli. Huliwa Hanoi na *bún đậu*: tambi za mchele zilizoshikana na kukatwa vipande, tofu iliyotoka kwenye mafuta sasa hivi, matango, majani, na kwa kawaida nyama ya nguruwe iliyochemshwa. Asiyetaka nyama aagize tambi na tofu peke yake. Vibanda vingi huuza hivyo.

Kosa la kwanza la wageni ni kuchovya mắm tôm jinsi ilivyoletwa. Haijamalizika. Unaimalizia mwenyewe mezani:

1. Kwa mtu mmoja, kijiko kimoja cha chakula cha mắm tôm kwenye kibakuli. Kikizidi hapo, ongeza kila kitu kingine.
2. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, na vipande vya pilipili kadiri unavyomudu.
3. Kamulia malimau mawili madogo ya kijani (*quất*, kusini huitwa *tắc*). Ndimu kubwa nusu inatosha badala yake.
4. Mwombe muuzaji kijiko kimoja cha mafuta ya moto kutoka kwenye kikaango cha tofu. Hapa ndipo harufu inapolainika, kwa hiyo usione haya kuomba.
5. Piga kwa vijiti kwa kasi, nusu dakika hivi, mpaka itoe povu na rangi igeuke ya waridi hafifu.

Povu lisipopanda, limau halijatosha. Likipanda lakini ulimi unaungua kwa chumvi, ongeza sukari, si maji. Kisha chovya tofu pembe moja tu, na utie jani mdomoni pamoja nayo. Utamu wake unakuja nyuma, baada ya chumvi, na unakaribia kabisa ule wa dagaa waliokaushwa vizuri.

Mwaka 2007, wakati wa mlipuko wa kipindupindu kaskazini mwa Vietnam, mắm tôm ilishukiwa na uuzaji wake ukasimamishwa kwa muda. Kitu hiki hakipikwi, na chumvi yake kali hailindi dhidi ya kijiko kichafu kilichoingizwa baadaye. Mwenye tumbo jepesi aombe iliyopitishwa motoni, *mắm tôm chưng*, au abadilishe kabisa achukue *nước mắm*, mchuzi wa dagaa na chumvi. Watacheka kidogo, kisha watakuletea.

Konokono na kombe

Saigon, mtaa wa Vĩnh Khánh, katika hiyo iliyokuwa Wilaya ya 4, ukifika saa moja usiku unakuta meza fupi zimeshuka mpaka barabarani na beseni za samakigamba zimepangwa mbele. Unachagua vitu viwili kwa pamoja: mnyama, na namna ya kumpika. Namna ndizo zinazofaa kukariri, kwa kuwa ni chache: *xào me* kwa ukwaju, *xào dừa* kwa tui la nazi, *hấp sả* kwa mvuke na mchaichai, *rang muối* kwa chumvi na pilipili, *nướng mỡ hành* kwenye makaa na mafuta ya majani ya kitunguu na karanga.

Anza na *ốc len xào dừa*. Huyu ni konokono mwembamba wa mikoko, wa jamaa moja na tondo wa pwani yetu, akipikwa kwa tui la nazi, mchaichai na pilipili. Mkia wa ganda umekatwa, na ukiona haukukatwa rudisha sahani, kwa sababu bila tundu la nyuma nyama haitoki hata ungefyonza mpaka asubuhi. Shika ganda kwa vidole vitatu. Vuta pumzi kidogo upande wa mkia, hapo nyama inalegea na tui linaingia ndani. Geuza, fyonza kwa nguvu upande wa mdomo. Inatoka yote pamoja na mchuzi. Ikikwama, rudi mkiani, usiongeze nguvu mbele. Mtu anayefyonza kimya kimya ndiye anayeambulia maganda. Sauti ni sehemu ya kazi.

Hanoi wana *ốc luộc*, konokono wa maji baridi waliochemshwa kwa majani ya ndimu na mchaichai, na chachandu ya nước mắm, tangawizi na pilipili. Hapo unapewa pini (zamani ulikuwa mwiba wa mti wa balungi). Bandua kwanza kile kifuniko kigumu mlangoni, choma nyama pembeni, kisha zungusha ganda badala ya kuvuta pini. Sehemu ya mwisho, nyeusi na laini, ni tumbo lake. Wengine wanalila, anayeanza aliache. Ukisikia kitu kinapasuka kama mchanga katika konokono wale wadogo waliochongoka, mara nyingi si mchanga. Ni watoto wake, wenye maganda tayari, maana aina hiyo huzaa badala ya kutaga. Hakuna ubaya, ila ni vizuri kujua mapema.

Konokono wa maji baridi hubeba minyoo inayoweza kufika kwenye ubongo wa binadamu, kwa hiyo wawe wamechemka sawasawa, na usikubali saladi ya konokono iliyotengenezwa kwa ndimu peke yake. Ndimu hubadilisha rangi ya nyama, haiui.

Kombe wa damu, *sò huyết*, ni jamaa wa kombe wanaochimbwa na akina mama kwenye matope ya Unguja, na maji yake ni mekundu kweli. Wenyeji humpenda akiwa amefunguka tu, nyama bado inavuja. Hapa tusifichane: kombe huchuja maji wanamoishi na kukusanya virusi vya homa ya ini aina ya A. Mwaka 1988 huko Shanghai, karibu watu 300,000 waliugua kwa kula kombe wasioiva. Agiza *xào me* au wachomwe, na useme *chín kỹ*, waive sana. Nyama itasinyaa na muuzaji atasikitika. Sawa tu.

Yai la bata lenye kifaranga

Kaskazini ni *trứng vịt lộn*, kusini *hột vịt lộn*. Yai la bata limeatamiwa kwa takriban siku 19 hadi 21, kisha likachemshwa. Wafilipino, ambao balut yao ndiyo iliyopata jina duniani, hulila changa zaidi, kwa hiyo aliyeonja huko Manila asidhani amemaliza. Katika yai la Vietnam mdomo unaonekana, manyoya yameanza, na mifupa ipo ingawa ni laini.

Asiye na uhakika aanze na la kware, *cút lộn xào me*, mayai madogo yaliyobanduliwa na kukaangwa kwa ukwaju na karanga. Moja ni tonge moja, na huoni chochote ndani. Ukimaliza matano bila taabu, uko tayari kwa la bata.

Vitu vinavyokuja nalo: chumvi na pilipili manga kwenye kisahani, limau, tangawizi iliyokatwa nyuzinyuzi, na majani ya *rau răm*, yenye ukali kama wa pilipili manga na harufu inayokaribia ya giligilani. Kwa hesabu ya Wavietnam yai hili ni chakula "baridi", na jani pamoja na tangawizi ni "moto", ndiyo maana havitenganishwi.

1. Liweke kwenye kikombe chake, upande butu juu. Huko ndiko kuna mfuko wa hewa, kwa hiyo mchuzi haumwagiki.
2. Gonga kwa mgongo wa kijiko, bandua ganda kiasi cha sarafu, toboa utando.
3. Tia punje za chumvi na tone la limau, kisha unywe ule mchuzi wa moto kwanza. Ni supu ya bata iliyokolea, hakuna zaidi. Kuumwaga ni kumwaga kizuri chake.
4. Panua tundu. Ongeza chumvi, tangawizi na majani mawili au matatu.
5. Chota kiini, ambacho kimekuwa kizito, chenye mishipa juu na utamu wa maini ya kuku. Kila kijiko kiwe na jani.
6. Kifaranga ukile kwa tonge moja au mawili, na utafune upesi. Utasikia ugumu mdogo, kama wa mfupa wa dagaa. Anayekitoa nje, akakinyoosha kwenye sahani na kukitazama usoni ndiye anayeshindwa.
7. Chini kabisa kunabaki kipande cheupe kigumu kama raba. Huo ni ute uliokauka. Wenyeji wengi wanauacha, nawe uache.

Hanoi mara nyingi muuzaji hukubandulia lote ndani ya kibakuli, tangawizi na majani juu yake. Ni haraka zaidi, ila utaliona zima, basi litwange kwa kijiko kabla hujaanza.

Yanayoharibu: la kwanza ni kuliacha lipoe. Yai la moto halina harufu. Likipoa, shombo ya bata inapanda. Nunua penye sufuria inayotoa mvuke, moja baada ya jingine, usiagize matatu kwa mpigo. La pili ni yai lililokufa katikati ya kuatamiwa. Mchuzi wake ni wa kijivu na una harufu ya baruti. Lirudishe, muuzaji anajua. La tatu ni umri: ukipewa lenye manyoya marefu meusi, omba changa, *non*. Waislamu wengine hulikataa kwa sababu kifaranga hakikuchinjwa. Hilo uliza kwa unaowafuata.

Neno *lộn* lina maana ya kupinduka. Aliyeandamwa na mikosi hulila ili bahati ipinduke, na kwa sababu hiyo hiyo wengi hawaligusi siku za kwanza za mwezi wa kuandama, wakati bahati bado haijajulikana.

Mabuu

Walaji wa senene hawana la kujifunza kwa *nhộng*, pupa wa nondo wa hariri (buu akiwa ameshajifungia kwenye kifuko chake) wanaokaangwa na majani ya ndimu. Ngozi inakatika, ndani kuna ulaini kama karanga za kuchemsha. Mwenye mzio wa kamba ajihadhari, kwa sababu mwili wake unaweza kumpokea mdudu kama kamba.

*Đuông dừa*, buu nene la mdudu wa minazi, jamaa wa lile ambalo Wakongo wanaliita mposé, ndilo linalopigwa picha zaidi: linaogelea likiwa hai katika nước mắm yenye pilipili. Linashikwa kichwani, linang'atwa mwili, kichwa kinatupwa, kwa kuwa kina taya zinazobana. Kwa maoni yetu likiwa hai halina ladha yoyote zaidi ya mchuzi linamoogelea. Likichomwa, mafuta yake yanakuwa mazuri kweli. Fahamu pia kwamba buu hili ni adui wa mnazi, na mamlaka za Vietnam zimekuwa zikiwatoza faini wanaolifuga na kuliuza.

Panya wa mashambani (*chuột đồng*) wa delta ya Mekong wanatoka kwenye majaruba ya mpunga baada ya mavuno, si kwenye mitaro ya mjini. Aliyewahi kula ndezi hatapata shida. Uwale palipo na mashamba, wakiwa wameiva mpaka mfupani.

Mabango ya kuyajua hata kama hutakula

*Thịt chó* na *cầy tơ* ni mbwa. *Tiểu hổ*, "chui milia mdogo" kwa namna ya kusema, ni paka. Mji wa Hội An ulitia saini mwaka 2021 makubaliano ya kuondoa biashara ya nyama hizo, lakini kwingine bado utakutana na mabango haya.

*Tiết canh* ni bango la kupita bila kusimama. Ni damu mbichi ya nguruwe, bata au mbuzi, iliyozuiwa isigande kwa nước mắm, kisha ikagandishwa juu ya nyama iliyokatwakatwa, na karanga juu. Damu ya nguruwe hubeba bakteria *Streptococcus suis*, mojawapo ya visababishi vikubwa vya homa ya uti wa mgongo kwa watu wazima nchini Vietnam, na wengi wanaopona hubaki na upungufu wa kusikia. Ya bata inabeba hatari ya mafua ya ndege. Bakuli likiwa safi na mwenyeji wako akiwa mkarimu kiasi gani, hilo halibadilishi kilichomo. Kukataa bila kuudhi, gusa tumbo na useme *tôi đau bụng*, tumbo linaniuma.

Tumbo likichafuka

Chanja homa ya ini A na homa ya matumbo wiki kadhaa kabla ya safari. Beba pakiti za chumvi na sukari za kuzuia upungufu wa maji, si dawa za kufunga tumbo peke yake. Kufunga tumbo huku kuna homa au damu kwenye choo ni kufungia mwizi ndani. Kwa kuharisha kwa kawaida, kunywa chumvi na sukari, kula *cháo trắng* (uji mweupe wa mchele, unauzwa kila mahali) na pumzika siku moja. Homa kali, damu, au shingo kukakamaa na kichwa kuuma vibaya: hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari ulichokula kwa jina lake. Mtu mwenye mzio aandike kabisa kwenye karatasi: *tôi dị ứng với tôm* (kamba), au *đậu phộng* (karanga, kaskazini wanasema *lạc*).

Doriani, ukiwa na nafasi

Wazanzibari wanaijua na hawahitaji mwongozo, wengine wasiichanganye na fenesi, ambalo nalo lipo (*mít*). *Sầu riêng* huuzwa kwa kilo, na ganda linahesabiwa, kwa hiyo bei ya kilo inadanganya: unakula kama theluthi tu. Muuzaji aligonge kwa mpini wa kisu. Sauti nzito yenye mwangwi inaonyesha nyama imeachana na ganda, sauti kavu ni bichi. Mwambie akate dirisha dogo ubonyeze kabla ya kulipa. Likiwa limepasuka lenyewe chini na lina uchachu puani, limepita. Kula hapo hapo kando ya barabara, kwa sababu hoteli nyingi zimebandika picha yake yenye msalaba mwekundu mlangoni. Ukimaliza, mimina maji ndani ya ganda lake lililo tupu unawie mikono humo. Wauzaji wenyewe hufanya hivyo, wakisema harufu hubaki gandani.